Mashine Ilikuwa Inazima Mchana

Jumamosi, Februari. Saa kumi na moja jioni.

Joto la leo halina adabu. Asubuhi mawingu yalijikusanya, yakatutishia, yakaenda zake, na sasa hata ukuta wa chumba changu unatoa jasho. Nimekaa sakafuni kwa sababu sakafu ndiyo yenye ubaridi kidogo. Tangu kikombe kimoja cha chai saa tatu sijatia kitu mdomoni, na chai yenyewe niliinywea kwa watu ambao sidhani kama watanikaribisha tena.

Nina hasira. Nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe, lakini siyo zote, na leo sitajifanya mtakatifu.

Mnaopita hapa kunisoma mara kwa mara mnanijua. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme pale Keko, kibanda changu kimebanwa katikati ya maseremala wa vitanda na makabati. Kwenye mstari ule mzima mwanamke ni mimi peke yangu. Miaka ya mwanzo mteja alikuwa anafika, ananikuta nimeshika chuma cha kuchomea risasi, moshi unanipanda usoni, halafu ananiuliza, "Samahani dada, fundi yuko wapi?" Ndiyo maana nilijiwekea sheria kwamba kazi yangu hairudi. Kazi ya fundi mwanamume ikirudi, watu husema kifaa kilikuwa kibovu. Ya kwangu ikirudi, watasema walijua tangu mwanzo.

Sheria hiyo imenilisha miaka tisa. Mwaka huu imemla mtu mwingine.

Mwezi wa kumi na mbili nilipewa kazi na mama mmoja wa Mbagala, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Mbeya. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mimi. Ni mjane. Anaishi na mwanawe wa pekee, Lusajo, ambaye ni karani mjini, pamoja na mke wa Lusajo, Zuhura. Zuhura kwao Kinondoni, binti wa ukoo wa Kiarabu wenye duka la vitambaa la siku nyingi. Walifunga ndoa bomani miaka mitatu iliyopita, na Mwalimu hakuwahi kuficha kwamba jambo hilo halikumpendeza.

Mwalimu alitaka mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mayai mia mbili, inayotumia betri za sola ili umeme ukikatika asiwe na wasiwasi. Sanduku alilitengeneza jirani yangu Athumani, seremala mwenye mkono mzuri, akalipiga vanishi mpaka likawa kama kabati la sebuleni. Umeme wake ulikuwa juu yangu.

Nieleze kidogo, kwa sababu kosa lote liko hapa. Betri mbili zikiunganishwa zinatoa volti ishirini na nne. Hita inazila hizohizo. Lakini feni, mota ya kugeuza mayai na kidhibiti joto vinataka volti kumi na mbili tu. Kwa hiyo katikati unaweka kipunguza volti, kidude cha ukubwa wa kiberiti. Muuzaji atakuambia ni cha ampea tatu, na kwenye pakiti imeandikwa ampea tatu. Mzigo wangu wote ulikuwa ampea mbili na kidogo. Nikasema inatosha na chenji inabaki.

Haikutosha. Na kibaya zaidi, nilikuwa najua kwa nini haitatosha.

Chuoni mwalimu wetu wa elektroniki alitufundisha jambo hili mpaka tukamchoka. Ampea za kwenye pakiti ni za kidude kilichobanwa kwenye kipande cha aluminiamu cha kukipooza, kikiwa mahali pa baridi, na upepo unakipitia. Kidude kikifanya kazi kinazalisha joto lake chenyewe. Joto la mahali kilipo linajumlishwa juu ya hilo. Ukikiweka uchi bila aluminiamu, ondoa ampea. Ukikiweka mahali pa joto, ondoa tena. Niliandika kwenye daftari na kupigia mstari, na mtihani nilifaulu.

Halafu miaka ikapita, nikawa fundi mwenye jina, nikakibandika kidude cha watu ndani ya sanduku linalokaa nyuzi thelathini na saba usiku na mchana, kwenye kona ya juu kabisa, ambako joto ndiko linakojikusanya. Sikutoboa ukuta wa sanduku kikae nje, kwa sababu Athumani angelalamika nimemharibia vanishi. Aluminiamu sikuweka. Na kwa kuogopa mvuke wa maji ya mayai na manyoya ya vifaranga nikakimwagia gundi ya moto, yote, juu na chini, kama tufanyavyo sote hapa Dar kuzuia kutu. Mteja akiona gundi imekaa vizuri anasifia usafi wa kazi. Mwalimu naye alisifia. Kwa hiyo nilikivalisha koti, nikakifungia jikoni, nikakitaka kifanye kazi ya kutwa kucha.

Na kuna ile desturi yetu ya kujaribisha mbele ya mteja. Unafungua mfuniko, unachomeka waya, taa inawaka, feni zinazunguka, mteja anatabasamu, unahesabu dakika tano, mnaagana. Redio tunaijaribu hivyo, chaja ya simu tunaijaribu hivyo, na mashine ya kukaa siku ishirini na moja mfululizo ikiwa imefungwa nayo nikaijaribu hivyo, mfuniko ukiwa wazi, upepo wa Keko ukiingia ndani.

Mayai yaliwekwa katikati ya Januari. Siku ya sita Zuhura akanipigia simu.

"Dada Stela, hii mashine mchana inazima yenyewe. Inastukastuka, inanyamaza kabisa. Baadaye inawaka."

Nikamuuliza kama anafungua mfuniko. Akasema hapana, yeye anachungulia tu kwenye kioo. Nikamwambia aangalie waya wa betri. Siku ya nane akapiga tena. Siku ya tisa tena. Mchana anakuwa peke yake pale nyumbani. Lusajo yuko kazini, na Mwalimu hushinda kwenye kiduka chake cha madaftari pale kituo cha Rangi Tatu. Mwalimu akirudi jioni, jua limeshapungua, anakuta mashine inanguruma kama kawaida. Kwa hiyo aliyekuwa anaiona ikizima ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa haaminiwi hata akisema chumvi imeisha.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Nikaenda asubuhi saa mbili na nusu, kabla jua halijawa jua. Nikakuta ni zamu ya nyumba ile kupokea jumuiya ya kanisa; mabenchi yamepangwa uani, akina mama kama kumi na tano na wanaume wachache wamemaliza kusali, wanasubiri chai. Mashine ilikuwa stoo, inafanya kazi. Nikaweka mita, volti kumi na mbili kamili. Zuhura alisimama mlangoni mwa stoo na birika mkononi, akanong'ona, "Dada, nakuomba usubiri hadi saa saba. Saa saba utaiona."

Sikusubiri. Nilikuwa na kazi nyingine Ubungo, hiyo ni kweli. Lakini hata nisingekuwa nayo nisingesubiri, kwa sababu sikutaka kuiona.

Nilipotoka nje Mwalimu akaniuliza kwa sauti yake ya darasani, mbele ya wote, "Haya fundi, tuambie. Mashine ina tatizo?"

Nikajibu, "Mashine haina tatizo, Mwalimu. Ila mashine za namna hii hazitaki mtu wa kuzichezeachezea."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika kama yalivyo ili nisije baadaye nikayapaka asali. Sikutaja jina, na niliposema nilikuwa naitazama mita. Lakini benchi zima liligeuka kumtazama Zuhura, na mimi nikajua, hapohapo, kwamba nimeshajiokoa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nilichofanya ni kuikaza ile kamba.

Siku ya ishirini na tatu Mwalimu aliniita nije nishuhudie. Katika mayai mia mbili walikuwa wametoka vifaranga wanne, na mmoja miguu imepinda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anavunja mayai yaliyobaki moja moja na kuyatia kwenye ndoo. Mengi yalikuwa na kifaranga aliyekwisha kuota manyoya, amekufa akiwa amejikunja. Harufu ilikuwa mbaya. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wa michongoma wakitazama, na Zuhura alikuwa anaosha vyombo bombani, hatua chache tu kutoka kwetu.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema tu, huku akivunja jingine, "Miaka mitatu tumbo limekataa. Sasa na mayai nayo yamekataa mkononi mwake."

Zuhura alisimama. Akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akatoka na mkoba mmoja na baibui amelivaa juujuu, akafungua geti. Alinipita karibu kabisa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, angalau kusema sijui, angalau kusema labda ni mashine. Nikainama nikajifanya nakagua betri.

Mwalimu akaniomba niichukue mashine nikaisafishe. Ikakaa bandani kwangu zaidi ya wiki mbili chini ya turubai. Mimi mwenye haraka ya kazi zote, hiyo sikuwa na haraka nayo.

Jumatano wiki hii nikaifunua. Nikapanga chupa za maji mahali pa mayai, nikafunga mfuniko, nikamwomba Athumani niiweke kwenye stoo yake ya mbao yenye paa la bati. Nikakaa na mita mapajani. Saa nne sawa. Saa tano sawa. Saa sita na nusu feni zikastuka, zikazunguka tena, zikastuka. Saa saba kasoro mashine ilikuwa kimya kabisa, na mita inasoma sifuri.

Nikafungua nikakigusa kile kidude juu ya gundi, nikaungua. Hadi leo ncha ya kidole ina lengelenge.

Kidude chenyewe hakikuharibika. Kimeundwa hivyo: kikizidiwa na joto kinajizima ili kisiungue, kikipoa kinajaribu tena. Na kila kikijizima, kidhibiti joto kinaanza upya, kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu hita, na kabla hazijaisha kidude kimezidiwa tena. Sanduku likipoa vya kutosha ndipo kila kitu kinakaa sawa, na atakayekuja jioni atakuta mashine nzima kabisa. Kila neno alilosema Zuhura kwenye simu lilikuwa sahihi, pamoja na neno "inastukastuka". Nina mafundi wenzangu wenye vyeti wasioweza kunieleza tatizo vizuri namna ile.

Nilimwambia Athumani. Akaliangalia sanduku lake, akaniangalia mimi. "Si ungetoboa tu? Ningepaka vanishi upya." Basi, hayo tu. Nililia mle stoo, katikati ya mbao.

Alhamisi nikaenda Kinondoni, dukani kwa baba yake. Mama yake alinipokea kwa kahawa na kashata, hajui mimi ni nani. Zuhura alikuwa nyuma anakunja vitambaa. Amepungua. Nikamweleza yote, gundi, kona ya juu, ampea, yote. Alisikiliza bila kuacha kukunja.

"Nilikupigia mara tatu," akasema.

"Najua."

"Mie nilifikiri kwa kuwa wewe ni mwanamke utanisikiliza. Nilimwambia hata Lusajo, fundi ni mwanamke, huyu atasubiri aione."

Nikamwambia nitakwenda kwa Mwalimu nimweleze. Akatikisa kichwa. "Usimweleze Mwalimu chumbani. Kaseme palepale uliposemea, mbele ya walewale."

Jana nikampigia Mwalimu kwanza, kwa heshima, nisimvamie. Nikamsabahi, nikamwambia kosa ni langu, mashine ndiyo iliyokuwa inazima. Halafu akasema, "Mwanangu, hayo yameshapita. Nitengenezee tu mashine yangu, usiyafukue." Nikamwambia nitakuja Jumamosi kwenye jumuiya. Akakata simu.

Jumuiya wiki hii haikuwa zamu yake, ilikuwa nyumba ya pili, kwa mama mmoja wa kwaya. Watu walikuwa walewale. Baada ya sala, wakati wa matangazo, nikamwomba mwenyekiti nafasi. Nilikuwa nimekiweka kile kidude kwenye mfuko, na gundi yake, nikakitoa nikakiinua. Nikasema, mnanikumbuka, mimi ndiye fundi niliyesema mashine ya Mwalimu haina tatizo. Lilikuwepo. Nililiweka mimi. Ilikuwa inazima mchana kwa joto, na Zuhura alinieleza mara tatu nikakataa kusikia, kwa sababu niliogopa kuonekana fundi mbaya. Hakuichezea. Aliyeua mayai ni mimi.

Mama mmoja mzee akasema, "Tumshukuru Mungu kwa ukweli." Wengine wakaitikia amina, ile amina ya kutaka mambo yaishe tuendelee na michango.

Mwalimu alikuwa amekaa mbele, mgongo umenyooka. Hakugeuka. Akasema taratibu, "Asante, fundi. Habari ya mashine tumeisikia. Na miaka mitatu nayo ilikuwa ni gundi?"

Kuna mtu alicheka. Sikumwona ni nani na afadhali sikumwona.

Nilikwenda pale nikiamini kwamba nikiukubali uchafu wangu, yule mwanamke atasafishika. Kumbe mayai yalikuwa kisingizio tu. Walikuwa wameshamhukumu muda mrefu, wakisubiri fundi wa kupiga mhuri, na mhuri nikaupiga mimi. Kuufuta sasa hakubadilishi hukumu. Nawachukia kwa hilo, na sina haki ya kuwachukia, lakini nawachukia hivyohivyo.

Nikamtafuta Lusajo kwa macho. Alikuwepo, amesimama karibu na meza, shati limepigwa pasi vizuri. Nilimkazia macho nikisubiri. Huyu ndiye aliyelala kitanda kimoja na mwanamke yule miaka mitatu. Kama kuna mtu wa kumjibu mama yake, ni yeye. Alifungua mdomo. Nikadhani sasa.

"Kuna anayeongeza chai?" akauliza, akanyanyua birika.

Akaanza kumimina. Hata mimi alinimiminia, nikanywa, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Nimerudi hapa saa tano. Nimekaa na simu mkononi mpaka saa tisa ndipo nikampigia Zuhura. Nikamwambia nimesema, mbele ya walewale, neno kwa neno. Hakuniuliza akina mama walisemaje. Wala habari za Mwalimu hakuuliza.

"Lusajo alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisemaje?"

Hapo nilitaka kudanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba aliumia, kwamba machozi yalimlenga, kwamba atakuja Kinondoni kesho. Nikakumbuka kwamba nimeshawadanganya watu juu yake mara moja.

"Aliuliza kama kuna anayeongeza chai," nikamwambia.

Nilisikia duka la baba yake, mtu anauliza bei ya kitenge, mkasi unakata. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga kwenda sokoni:

"Basi Jumatatu nitakwenda kuchukua nguo zangu. Twende wote, dada. Ukiwepo wewe hawatasema nimeiba kitu."

Nimekubali. Jumatatu banda halitafunguliwa. Nitakwenda Mbagala, na zamu hii, hata ikifika saa saba, nitasubiri mpaka nguo yake ya mwisho iingie kwenye sanduku.